Binti alilia, kijana akanyamaza: nani aliumia zaidi vyuo vilipofungwa?

"Daktari, nina watoto wawili wanaofuatana. Korona ilipoingia mwaka 2020, binti yangu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu Dodoma, na mdogo wake wa kiume alikuwa mwaka wa kwanza Kampala. Wote wakarudi nyumbani Mwanza. Binti alikuwa akilia usiku, kifua kinambana, anaogopa bibi yao atakufa kwa ugonjwa ambao yeye ataubeba kutoka sokoni. Nilimpeleka kwa mshauri nasaha, akaenda mara sita, akapata nafuu na chuo akamaliza. Kijana hakulia hata siku moja. Alikuwa chumbani na simu, mchana analala, usiku anakesha, ukimuuliza anasema 'niko poa'. Vyuo vya Uganda vilipofungwa tena 2021 alirudi nyumbani, na chuo hajarudi hadi leo. Anaendesha bodaboda ya mjomba wake, anabeti, anakunywa, na ukimgusa kidogo anawaka. Binti naye ana kazi, ila kila akiitwa kwenye kikao au usaili moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka, na nimegundua ananunua vidonge vya usingizi duka la dawa. Nimesoma kwamba korona iliwaumiza zaidi wanafunzi wa kike. Baba yao anasema binti ni mwoga kwa maumbile na kijana ni mvivu tu. Je, ni kweli wasichana waliumia zaidi? Nilikosea kumpeleka mmoja na kumwacha mwingine? Na sasa nifanye nini?"

Mama, umeuliza maswali matatu, lakini linalokunyima usingizi nadhani ni hilo la katikati. Basi tuanze nalo. Hukukosea kumpeleka binti. Alikuwa anaumwa, dalili zake zilionekana, ukampeleka, akapona kiasi cha kumaliza masomo. Mara sita kwa mshauri nasaha si nyingi, na matokeo yake umeyaona. Kijana naye alikuwa anaonyesha dalili, tena nyingi, na wewe mwenyewe umeziandika zote katika barua yako. Ila zilikuwa dalili ambazo nyumbani huitwa tabia mbaya, na hata hospitali wengi hawazitambui upesi. Huo ndio mzizi wa swali lako la kwanza.

Je, wasichana waliumia zaidi? Kwa vipimo vilivyotumika, ndiyo. Mwaka 2021 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makadirio ya nchi na maeneo 204 kuhusu mwaka 2020. Duniani kote waliongezeka wagonjwa wa sonona (depression, ugonjwa wa kuzama moyo au kukosa hamu) kama milioni 53, na wa wasiwasi uliopitiliza kama milioni 76, juu ya wale ambao wangekuwepo hata kama korona isingekuja. Katika hilo ongezeko la sonona, wanawake walikuwa milioni 35.5 na wanaume milioni 17.7, yaani mara mbili. Na vijana waliguswa kuliko wazee, ingawa wazee ndio waliokuwa wakifa kwa korona yenyewe. Takwimu za Afrika zilizoingia humo zilikuwa chache mno, kwa hiyo sehemu yetu imejazwa zaidi kwa hesabu kuliko kwa kuwahoji watu. Hata hivyo mwelekeo wa wanawake kuzidi umeonekana karibu kila mahali ulikopimwa.

Sasa weka takwimu hizo kando ya nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019, kabla ya korona, watu zaidi ya 700,000 walikufa kwa kujiua. Kwa kila wanaume 100,000 walikufa 12.6, na kwa kila wanawake 100,000 walikufa 5.4. Kwa hiyo jinsia inayopata alama ndogo kwenye karatasi za sonona ndiyo inayozikwa zaidi kwa kujiua. Mambo haya mawili kwa pamoja yananifanya nishuku kwamba karatasi zetu haziwasikii wanaume vizuri.

Niieleze karatasi yenyewe, maana huenda wanao wote wawili watapewa. Inaitwa PHQ-9. Ina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Mtu akipata 10 au zaidi anahitaji kuchunguzwa kwa undani, na kuanzia 20 tunahesabu kuwa sonona kali. Inauliza kuhusu kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Ni karatasi nzuri. Lakini haina swali la hasira, wala la pombe, wala la kubeti, wala la kupita katikati ya malori na pikipiki bila kofia. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliongeza hasira, ulevi na vitendo vya hatari kwenye dodoso lao, na pengo likakaribia kufutika: walioonekana na sonona walikuwa asilimia 30.6 ya wanaume na asilimia 33.3 ya wanawake.

Kuna kisa cha zamani zaidi kinachoonyesha hatari ya jambo hili. Kisiwani Gotland, nchini Sweden, madaktari wa kawaida walipewa mafunzo maalumu ya kutambua na kutibu sonona mwaka 1983 na 1984. Vifo vya kujiua vikashuka, watu wakafurahi. Walipochambua wakakuta vilivyopungua ni vya wanawake, vya wanaume vilibaki karibu palepale. Wanaume wale hawakuwa na faili hospitali, ila wengi wao walijulikana polisi na ustawi wa jamii. Yaani walikuwa wameomba msaada kwa namna yao, kwenye madirisha ambayo hayakuwa na daktari.

Kabla sijaendelea na tofauti za jinsia, kuna tahadhari moja kuhusu kuwalinganisha wanao. Si jinsia pekee iliyowatenganisha. Tanzania ilifunga vyuo tarehe 18 Machi 2020 na kuvifungua tarehe 1 Juni, yaani siku 75. Uganda ilifunga tarehe 20 Machi, ikawarudisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho Oktoba, waliobaki wakaitwa kwa mafungu mwaka 2021, halafu Juni ikafunga tena hadi Novemba. Binti alikosa wiki kumi na moja za ratiba, mdogo wake akakosa karibu mwaka na nusu, tena katika mwaka wa kwanza, wakati mtu bado hana marafiki wa kudumu chuoni wala hajajua njia za pale. Hata angekuwa msichana, muda huo ungemtikisa. Usimlaumu kwa kutofanya alichofanya dada yake. Hawakupewa mtihani mmoja.

Tuje kwa binti. Baba yao anasema ni mwoga kwa maumbile. Maumbile yana sehemu, ila ndogo kuliko anavyodhani. Watoto wa kike na wa kiume hawatofautiani sana katika sonona hadi balehe. Kati ya miaka 12 na 15 hivi ndipo wasichana huanza kuzidi. Kupanda na kushuka kwa homoni za mwezi kunagusa kemikali za ubongo zinazobeba hisia, na wapo wanawake ambao wiki moja kabla ya hedhi huzama kabisa. Lakini homoni za binti yako hazikubadilika Machi 2020. Kilichobadilika ni ratiba yake. Bwenini alikuwa na kitanda chake, saa zake za kusoma, na chakula cha kantini. Nyumbani, naomba ukumbuke kwa uaminifu, nani alipika? Nani alimwogesha bibi, nani alikwenda sokoni, nani alisimamia masomo ya wadogo? Umoja wa Mataifa ulikuwa ukisema tangu kabla ya korona kwamba wanawake duniani wanabeba kazi za nyumbani zisizo na malipo karibu mara tatu ya wanaume. Shule zilipofungwa, kazi hizo ziliongezeka, na mikono iliyoongezewa ni ileile. Hofu yake ya kumwambukiza bibi haikuwa woga. Yeye ndiye aliyekuwa akishika vikombe vya bibi kila siku.

Juu ya mzigo kuna kitu ambacho nakiita kucheua. Ng'ombe akishiba hulala akarudisha majani mdomoni na kuyatafuna upya. Akili nayo hufanya hivyo na wazo baya. Mwanasaikolojia wa Marekani Susan Nolen-Hoeksema alionyesha kwamba wanawake hucheua mawazo zaidi kuliko wanaume, na kwamba kucheua huko hurefusha huzuni. Kuongea na rafiki kunasaidia, lakini wasichana wawili wakipigiana simu kila usiku kurudia hofu ileile, kila mmoja hukata simu akiwa amechoka zaidi. Hata hivyo tabia hiyohiyo ya kuongea ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu wewe ulisikia.

Kijana wako hakucheua, alitoroka. Na kutoroka huko kulimwumiza kwa njia tatu zinazoshikana.

Ya kwanza ni marafiki. Urafiki wa wanaume wengi ni wa bega kwa bega: wanacheza mpira, wanaangalia mechi, wanakaa kijiweni. Hawaketi kuelezana ya moyoni, wanafanya kitu pamoja na hapo katikati linapenya neno moja la maana. Uwanja ukifungwa, urafiki wote umefungwa. Msichana aliweza kubaki na rafiki yake kwa simu. Mvulana kwa simu alibaki na gemu.

Ya pili ni saa ya mwili. Ubongo hupanga usingizi kwa mwanga, hasa mwanga wa asubuhi. Kijana asiye na kipindi cha saa mbili asubuhi hulala saa nane usiku, kesho saa tisa, wiki inayofuata alfajiri. Akiamka saa sita mchana mwanga wa asubuhi umeshampita, na saa yake inazidi kusogea mbele. Baada ya miezi miwili ya maisha hayo hata mtu mwenye furaha huanza kuwa mzito, mkali, na asiyeweza kusoma kurasa mbili.

Ya tatu ni aibu, nayo ndiyo naona inamshikilia mpaka leo. Mvulana amelelewa kusikia kwamba mwanaume ni kazi. Akiwa kwenu hana chuo, hana kipato, wenzake wa Dodoma wamerudi darasani, dada yake anakaribia kuvaa joho. Kila mwezi unaopita, kurudi kunakuwa kugumu zaidi, kwa sababu atalazimika kueleza miezi yote iliyotangulia. Pombe humpa saa moja ya kutosikia hilo, kisha inamwamsha saa tisa usiku akiwa na wasiwasi mara mbili, kwa kuwa inavuruga usingizi mzito na ubongo hushtuka inapoisha mwilini. Mkeka wa kubeti nao humpa kitu ambacho hakipati kwingine: uwezekano kwamba kesho atarudi nyumbani akiwa mshindi.

Mwambie mzee wenu kuna njia rahisi ya kutofautisha uvivu na sonona. Mvivu akipumzika anafurahi, tena akiitwa kwenye sherehe ndiye wa kwanza kufika. Mgonjwa wa sonona anapumzika siku nzima na anaamka amechoka, na hata vile alivyovipenda havimpi ladha. Ndiyo maana ukitaka kumjua kijana wako usimwulize kama ana huzuni. Atasema hapana, na huenda hadanganyi. Kitabibu mtu anaweza kuwa na sonona bila huzuni kabisa: tunatafuta dalili tano kati ya zile tisa kwa angalau wiki mbili, na moja kati ya hizo tano lazima iwe huzuni au kukosa hamu. Yaani kukosa hamu kunaweza kushika nafasi ya huzuni. Kwa hiyo angalia ni kipi alichokipenda zamani ambacho amekiacha. Timu yake bado anaifuatilia, au anaangalia matokeo ya mkeka tu?

Sasa nini cha kufanya. Nitakaa zaidi kwa kijana, kwa sababu binti ameshaijua njia.

Mazungumzo ya kwanza yasifanyike sebuleni, wala baba na mama wasimkalishe pamoja kama baraza. Afadhali mjomba wake, mwenye ile bodaboda, aanze wakiwa wanaosha pikipiki au wanabadilisha oili, macho yakiwa kwenye kazi. Aanze na mwili: "Naona hulali, unalala saa ngapi?" Kisha chakula, kichwa kuuma, uchovu. Wanaume wengi watakujibu kuhusu usingizi wakati hawatajibu kuhusu moyo. Neno pombe lisiwe la kwanza, maana atajua ni mahubiri na atafunga mlango. Akishafunguka kidogo, mjomba aulize wazi, kwa sauti ya kawaida: "Umewahi kufika mahali ukaona ni bora usingekuwepo? Umefikiria kujiua?" Najua swali hili linatisha. Watu wengi wanaamini kumwuliza mtu ni kumpa wazo. Si kweli, anayefikiria hivyo hupata ahueni kwamba kuna mtu ameona, na asiyefikiria atakwambia hapana na mazungumzo yataendelea. Akijibu ndiyo, asikemewe na asitishwe kwa dhambi. Aulizwe kama ameshafikiria atafanyaje na lini. Mwenye mpango hapaswi kubaki peke yake siku hiyo.

Lengo la mazungumzo hayo ni dogo: akubali kwenda hospitali mara moja, kwa ajili ya usingizi na kichwa. Hapo Mwanza mna hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure na hospitali ya kanda ya Bugando. Mwombe daktari mambo haya yafuatiliwe, maana kwenye foleni ndefu husahaulika. Moja, ajali. Dereva wa bodaboda anayekasirika upesi, anayesahau na anayeumwa kichwa aulizwe kama aliwahi kuanguka na kupoteza fahamu hata dakika chache; jeraha la ubongo linaweza kuiga sonona kabisa. Pili, kiasi halisi cha pombe kwa siku. Tatu, vipimo vya kawaida vya damu, ikiwemo ini na tezi ya shingo. Kisha ndipo PHQ-9, na mtu wa kumjazia amwulize pia kuhusu hasira.

Kuhusu pombe, nakuomba usome aya hii mara mbili. Kama anakunywa pombe kali kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka hadi apate ya kutuliza, msimfungie ndani ili aache ghafla. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa unaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na siku ya pili hadi ya tatu baadhi huchanganyikiwa, huona vitu visivyopo, na wengine hufa. Kuacha kwa mtu kama huyo hufanyika chini ya daktari, kwa dawa za siku chache pamoja na vitamini B1. Kama anakunywa mwisho wa juma tu, hatari hiyo ni ndogo sana na anaweza kupunguza nyumbani.

Wakati mnasubiri miadi, kuna tiba ambayo haihitaji cheti. Achague saa moja ya kuamka, tuseme saa kumi na mbili na nusu, na aishike siku zote saba hata kama amelala saa tisa. Akae nje kwenye mwanga nusu saa. Simu ichajiwe sebuleni usiku. Kila siku afanye jambo moja la kazi na moja alilolipenda zamani, hata kama halimpi raha, kwa sababu katika sonona raha hufuata kitendo. Akisubiri hamu imjie kwanza atasubiri mwaka. Wiki ya kwanza ataona ni upuuzi. Muipe wiki tatu. Hesabu ya bodaboda aipeleke kwa mjomba kila jioni, si kila wiki, ili pesa isilale mfukoni karibu na mkeka. Na ufunguo wa pikipiki haushikwi na aliyekunywa. Hiyo iwe sheria ya pikipiki, inayomhusu hata mjomba.

Daktari akimpa dawa ya sonona, mfano fluoxetine, atakwambia mambo ambayo wagonjwa wengi husahau wakitoka mlangoni. Haifanyi kazi siku ya tatu. Huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Hailevi wala haitengenezi uteja. Baada ya kupona huendelezwa angalau miezi sita, na haiachwi ghafla. Kwa kijana wa umri wake, wiki za mwanzo muwe macho: akizidi kutotulia au mawazo ya kufa yakiongezeka, arudi hospitali bila kusubiri tarehe. Akipewa amitriptyline, dawa nyingine ya sonona, vidonge akae navyo mtu mwingine, kwani vikimezwa vingi kwa pamoja vinavuruga moyo.

Chuo kije baadaye. Msianze na "lini unarudi". Akishapata mwezi wa usingizi mzuri, aandike barua kwa msajili kuuliza hali ya usajili wake, na mwulizie Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama kozi alizofaulu zinaweza kuhamishiwa chuo cha hapa nyumbani. Akigundua kwamba si lazima aanze upya, aibu hupungua kilo kadhaa. Na kama hataki chuo kabisa, hilo nalo ni jibu, ilimradi aliseme akiwa mzima.

Binti. Kinachompata kwenye kikao kina maelezo ya kimwili. Akiogopa anapumua haraka na juu juu, kaboni dayoksaidi kwenye damu inashuka, vidole vinachoma, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Anafikiri anazimia, anaogopa zaidi, anapumua haraka zaidi. Mshtuko huo hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi kisha hushuka wenyewe, lakini yeye hajui kwa sababu kila mara hutoka chumbani kabla haujashuka, na ubongo unajifunza kwamba kutoka ndiko kulikomwokoa. Tiba yake ni kubaki. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, dakika tano, mara mbili kwa siku akiwa mtulivu, ili siku ya siku asiwe anajifunza upya. Halafu apande ngazi: aulize swali moja kwenye kikao cha watu watatu, arudie hadi imchoshe, kisha cha watu kumi, kisha atoe taarifa ya dakika mbili. Usaili aufanyie mazoezi nyumbani, amevaa, mezani, mjomba akiwa mwulizaji. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu aviache siku hizo.

Kabla ya yote hayo apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo. Msichana mwenye hedhi nzito anaweza kuwa na upungufu wa damu, na moyo wake ukaenda mbio kwa sababu hiyo tu. Si haki kumpa ushauri nasaha mtu anayehitaji madini ya chuma.

Vidonge alivyonunua aje navyo na boksi lake. Vingine ni dawa za mafua zinazoleta usingizi, madhara yake si makubwa. Kama ni diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, ni habari nyingine: ikitumika kila siku kwa wiki chache mwili unaizoea, na ikikatwa ghafla wasiwasi unarudi kwa nguvu, pengine na degedege. Ipunguzwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa chini ya daktari, na isichanganywe na pombe kamwe. Kisha arudi kwa yule mshauri nasaha, au kwa mwanasaikolojia tiba wa hospitali. Kurudi hakumaanishi tiba ya kwanza ilishindwa.

Msisubiri miadi, nendeni mapokezi ya dharura usiku au mchana, kama yeyote kati yao anataja namna atakavyojiua, anaaga au anagawa vitu vyake, anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, hajalala siku tatu huku ana nguvu na maneno mengi kuliko kawaida, amechanganyikiwa baada ya kuacha pombe, au amekataa kula na kunywa. Asiachwe peke yake njiani wala chooni. Dawa za shambani na vidonge vyote vya nyumbani viwe chini ya ufunguo tangu leo, hata kama hakuna aliyesema lolote. Familia nyingine huficha kwa sababu Kanuni ya Adhabu yetu bado inataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwa na mawazo hayo si kosa, na kumweleza daktari si kujishtaki. Kama mnaombewa, endeleeni kuombewa. Vidonge na miadi viendelee sambamba.

Jambo la mwisho, na hili ni la nyumbani kwenu. Najua utakachotamani: kumwambia binti amfuatilie mdogo wake, amkumbushe dawa, ampeleke kliniki, kwa kuwa yeye anaelewa mambo haya. Usifanye hivyo. Mwaka 2020 alibebeshwa bibi. Siku ya kliniki ya kijana apelekwe na baba yake, aketi naye kwenye benchi hadi jina liitwe, na daktari akimuuliza baba anaonaje, asiseme neno mvivu.